Kijana wa Mangweni Hahitaji Kupimwa Jeni

Sera ya taifa ya mwaka 2025 imependekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala huo ukiendelea, kuna wanaoamini sayansi ina dawa ya mkato: mpime kijana jeni zake, mwonyeshe hatari aliyorithi, naye ataiogopa chupa mwenyewe.

Marekani wamejaribu. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwahusu wanafunzi wa chuo wenye asili ya Asia ya Mashariki, ambako wengi hurithi aina dhaifu ya jeni iitwayo ALDH2. Mwenye nayo akinywa, sumu ya asetaldehaidi hukawia mwilini, uso humwiva, na hatari ya saratani ya umio huongezeka. Walioelezwa kuwa wanayo walipunguza kunywa katika siku 30 zilizofuata.

Ni habari njema, lakini tusiikimbilie. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 18 za aina hiyo. Kwa jumla, kumwambia mtu hatari iliyo katika jeni zake hakukumbadilisha, iwe ni kwa pombe, sigara au chakula.

Kwetu naona hatari nyingine. Aina hiyo ya jeni ni nadra sana kwa Waafrika. Kijana wa Kaloleni au Kisauni akipimwa, yamkini ataambiwa hanayo. Naye ataelewa nini? Kwamba amepewa ruhusa. Ilhali shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitaja pombe kuwa kisababishi cha saratani tangu 1988, na halikumbagua mtu kwa jeni zake.

Tena kijana hanywi peke yake. Huenda mangweni kwa sababu wenzake wako huko, kazi hana, na mnazi ni rahisi kuliko chakula cha mchana. Karatasi ya maabara haiondoi hata moja kati ya hayo.

Siipingi sayansi. Nasema tuanze na tunachokijua. Sheria ya 2010 tayari inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na sote twajua wapi inavunjwa. Tukishindwa kuilinda 18, hiyo 21 tutailinda vipi? Chifu, mzee wa mtaa na mzazi wanaweza kuanza leo, bila kumtoa mtu damu.