Mtoto Afundishwe Sababu, Si Mtego

Katika mashindano ya sataranji ya watoto, si ajabu mchezo kumalizika kwa hatua nne tu. Mwenye kete nyeupe husogeza askari aliye mbele ya mfalme wake, kisha humtoa askofu, kisha malkia, na wote wawili humlenga askari mmoja mweusi ambaye hana mlinzi ila mfalme mwenyewe. Mpinzani asipoitambua hatari hiyo, malkia humla askari huyo, na mfalme hukosa pa kukimbilia. Mshindi hushangiliwa, aliyeshindwa huinuka mezani akidhani kwamba hana akili ya mchezo huo.

Makocha na wazazi wanaowakaririsha watoto ufunguzi huu hutafuta medali ya haraka. Hata hivyo, dawa yake ni nyepesi. Mwenye kete nyeusi, akiisha kulinda katikati ya ubao kwa farasi, husogeza askari mmoja tu anayemzibia malkia njia na kumtishia papo hapo. Malkia hulazimika kuondoka, na muda unaopotea humfaa mpinzani kuzitoa kete zake nyingine. Hapo mtoto aliyekaririshwa huishiwa, kwa kuwa hakuonyeshwa hatua ya tano.

Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde 5 tu. Kete zilipopangwa kama katika mchezo halisi, mchezaji stadi alizikumbuka kwa wingi kuliko mwanagenzi. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu ya stadi, basi, hukaa katika maana. Ndivyo ilivyo hata kwa tabibu: aliyekariri dalili pasipo kuelewa utendaji wa mwili hukwama kwa mgonjwa wa kwanza asiyefanana na kitabu.

Kwa hiyo, usiku wa kuamkia mashindano mtoto asikeshe akikariri mitego; aachwe alale, kwani usingizi husaidia kuimarisha yale aliyojifunza mchana. Na mchezo ukiisha, aulizwe kwanza kwa nini alicheza hatua fulani, ndipo aulizwe kama ameshinda. Mtoto anayeweza kueleza sababu ya kushindwa kwake amepata faida ambayo medali ya hatua nne haiwezi kumpa.