Gogo Barabarani: Nani Asubiri Ardhi Ikauke?

Machi iliyopita, katika mojawapo ya barabara za udongo zinazoingia Hasamba, nilikuta gogo la mkaratusi limelazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Upande mmoja wa gogo lilisimama lori lililosheheni matofali ya kuchoma. Upande wa pili walikaa wazee watatu na vijana kadhaa, kimya, kama watu waliokwisha kubaliana.

"Shikamoo mzee," dereva alianza kwa adabu, japo uso ulikuwa umekunjamana. "Mnaniumiza. Mwenye matofali ananisubiri Vwawa."

"Marahaba, mwanangu. Juzi mwenzako alipita hapa na mvua yake. Nenda kwanza ukaone alichotuachia."

Dereva hakwenda. Nilikwenda mimi. Hatua kama mia mbili mbele, matairi ya lori la juzi yalikuwa yamechimba mifereji miwili inayofika magotini, na maji yamesimama humo rangi ya matofali yenyewe. Pembeni pikipiki zilikuwa zimejitafutia njia mpya. Njia hiyo ilipita katikati ya shamba la maharage la mtu ambaye hakuulizwa, kisha ikagawanyika mara mbili, kwa sababu nayo ilikuwa imegeuka tope. Mwenye shamba alikuwa amepanga miiba kuzuia. Miiba ilikuwa imesogezwa.

Niliporudi kwenye gogo ilifika bodaboda iliyobeba mama na mtoto mwenye homa. Hakuna aliyetoa amri. Vijana wawili waliinua ncha ya gogo, pikipiki ikapita polepole, gogo likarudi mahali pake. Dereva wa lori aliona yote hayo, akazima injini.

Napenda kulitetea gogo lile. Najua wapo wasomaji wangu, hasa watumishi wa umma, watakaosema kwamba wanakijiji hawana mamlaka ya kufunga barabara ambayo kisheria iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hoja hiyo ni sahihi kisheria na nitairudia. Lakini kabla ya kuuliza nani ana mamlaka ya kufunga, tuulize kwanza kama kufunga kuna maana.

Barabara ya udongo si lami iliyokosa rangi. Nguvu yake yote hutokana na ukavu. Chembe za udongo zilizoshindiliwa hung'ang'aniana maadamu maji ni machache kati yake. Maji yakijaa katika nafasi zile, chembe huteleza, na mzigo ambao jana ulibebwa bila kishindo leo unazama. Tairi likizama huacha mfereji. Mvua inayofuata haimwagiki tena pembeni kuelekea mtaroni, kwa kuwa mgongo wa barabara umevunjwa. Inashika mfereji ule na kuteremka nao, ikichimba. Katika miinuko ya Mbozi, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili, mfereji wa Desemba usipozibwa unaweza kuwa korongo ifikapo Machi. Greda hupita baadaye, likakwangua tabaka la juu ili kusawazisha, na barabara ikashuka chini kidogo kuliko mashamba yaliyo kandokando. Ikifanyika hivyo miaka kumi, tunakuwa hatuna barabara tena bali mto unaotumiwa na magari wakati wa kiangazi.

Mzigo nao haufanani. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16. Majaribio yale yalihusu barabara zilizosakafiwa, kwa hiyo nisingethubutu kuihamishia hesabu hiyo moja kwa moja Hasamba. Lakini kama tabaka gumu linateswa kiasi hicho, tope haliwezi kuwa na huruma zaidi. Serikali yenyewe inalijua jambo hili: ndiyo maana katika barabara kuu ya kwenda Zambia kuna mizani pale Mpemba, na ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016. Tunaipimia lami kilo kwa kilo. Udongo, ulio dhaifu kuliko lami, tunauacha upimwe na dhamiri ya dereva.

Wazo la kufunga barabara kwa muda baada ya mvua halikuzaliwa kijijini kwetu. Kameruni, Burkina Faso na jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wana vizuizi vya mvua katika barabara za udongo: mti au bomba la chuma linashushwa mvua inaponyesha, malori mazito yanasubiri kwa saa kadhaa hadi ardhi ishike, kisha yanaendelea. Utaratibu huo una kasoro yake, nayo si ndogo. Penye kizuizi na mlinzi mwenye njaa, kusubiri hugeuka bidhaa inayouzwa. Hata hivyo hakuna anayedai kwamba kasoro ya mlinzi imebadilisha tabia ya udongo.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, kwa watu ambao hawabebi matofali wala wagonjwa. Katika wilaya ya Boulder, jimbo la Colorado, kuna njia za udongo wanakoendesha baiskeli za milimani kwa burudani tu. Mamlaka huzifunga njia hizo zinapolowa. Waendeshaji wenyewe wana ada waliyofundishana: ukikuta dimbwi, pita katikati, usilizunguke, kwa sababu kila anayelizunguka anaipanua njia, na ukiona tairi lako linaacha alama inayozama, geuza urudi. Nilipoisoma ada hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa wivu zaidi kuliko dharau. Mtu aliyepoteza tu burudani yake ya Jumamosi anaweza kugeuza. Kijana wa bodaboda wa Hasamba akigeuza, anarudi na nini?

Hapa ndipo mahubiri mengi kuhusu wajibu wa mtumiaji wa barabara yanaposhindwa. Vijana wengi wanaoendesha pikipiki si wenye pikipiki hizo. Wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au wako kwenye mkataba ambao wakikosa malipo ya siku chache chombo kinachukuliwa. Hesabu haijui mvua. Ukimwambia kijana huyo asubiri saa sita ardhi ikauke, umemwambia alipie barabara kwa chakula cha nyumbani kwake, wakati mwenye lori, ambaye uzito wake ndio uliochimba, amelala Mlowo akisubiri simu. Tena kijana huyo tayari analipa. Mwaka 2021 Bunge liliidhinisha nyongeza ya shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA. Kila anapojaza mafuta, hata kwenye chupa ya dukani, anachangia greda ambalo pengine hajaliona.

Kwa hiyo kufunga barabara kwa wote, kwa usawa wa kijuujuu, ni dhuluma. Gogo lile lilikuwa na akili kuliko amri nyingi nilizosoma, kwa sababu lilitofautisha. Lilimzuia anayeharibu sana na anayeweza kusubiri. Lilimpisha anayeharibu kidogo na asiyeweza. Matofali hayaozi. Mchanga hauozi, wala mbao. Hata kahawa, ambayo kila mjadala wa barabara Mbozi huanza na kuishia kwayo, huvunwa na kusafirishwa zaidi wakati wa kiangazi. Mzigo mzito unaodai kweli kuingia kijijini wakati wa masika ni mbolea ya kukuzia, na dawa yake ni kuifikisha mapema, kabla ya barabara kulowa. Mbolea ikichelewa kule juu, lawama ya tope isiteremshwe kwa mwanakijiji.

Kwa mgonjwa na mama mjamzito hapafai kuwa na mjadala wowote. Nchi sasa ina mfumo wa m-mama, ambapo mtu hupiga namba 115 bila malipo na kupatiwa usafiri wa dharura kwa mama au mtoto mchanga. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, hutumika madereva wa jamii. Gari hilo litapita njia ileile ambayo lori la matofali lilipita jana yake. Tukisema "acha apite, naye anatafuta riziki", tujue pia tunasema nini kuhusu mama atakayeitwa saa nane usiku.

Nisimwachie kijana wa bodaboda bila deni, hata hivyo. Umaskini wa mtu haumpi shamba la mwenzake. Pikipiki haichimbi kama lori, lakini ndiyo inayotanua: ndiyo inayohama kutoka mstari hadi mstari ikikwepa utelezi, ikila maharage leo na miche ya kahawa kesho. Wapo pia wanaofunga mnyororo kwenye tairi la nyuma ili lishike tope. Linashika kweli, na linalima. Anachoweza kufanya bila kukosa hesabu kinajulikana: abaki ndani ya barabara hata kama inamchafua, ashuke na kusukuma penye ulaini, afungue mnyororo anapofika pagumu. Chama cha bodaboda cha kituo kinaweza kuyasimamia haya kuliko polisi yeyote, kwa sababu wanajuana kwa majina na kwa rangi ya pikipiki.

Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala maarufu akidai kwamba mali ya pamoja haina budi kuharibiwa, kwa kuwa kila mtu atachota faida yake na kuwaachia wengine hasara. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo: jamii nyingi zimetunza malisho, misitu na mifereji ya umwagiliaji kwa vizazi, mradi kanuni zimetungwa na watumiaji wenyewe, zinasimamiwa na wanaojulikana, na adhabu zinaanza ndogo. Wazee watatu wa kwenye gogo hawakuhitaji kumsoma Ostrom. Walichokosa ni nguvu ya kisheria. Dereva angekuwa mbishi zaidi, au mwenye matofali angekuwa na rafiki wilayani, gogo lile lingeondolewa na wao wakaitwa wachochezi.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji nafasi ya kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Narudi sasa kwa watumishi wa umma niliowataja mwanzo. Mkiwa na hoja ya mamlaka, itumieni kuwapa wanakijiji makubaliano ya maandishi na TARURA: lori la uzito gani linasubiri, kwa saa ngapi baada ya mvua kukatika, nani hupita daima, faini ni kiasi gani na risiti inatolewa na nani. Kipengele hicho cha risiti nakisisitiza. Bila risiti tutakuwa tumejenga kituo kingine cha rushwa, safari hii cha mti.

Wala kufunga kusigeuzwe kisingizio cha kutochimba mitaro. TARURA inahudumia mtandao unaozidi kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa udongo, na hakuna mwenye akili timamu anayedai zote ziwekwe lami ndani ya kizazi kimoja. Lakini mtaro uliozibuliwa Oktoba na kalavati moja mahali panapotakiwa huokoa barabara kuliko greda la Juni. Kijiji kinachokubali kulinda gogo kina haki ya kuuliza kalavati lake liko wapi, na kujibiwa kwa tarehe.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kuna mmoja unaoangukia kabla ya mvua za Novemba. Ajenda hii iwekwe humo, na wenye malori waalikwe, pamoja na yule wa matofali, ambaye siku ile dereva wake aliondoka saa tisa alasiri, barabara ikiwa imeshika, bila kuacha alama ya kuonekana.