Kabla ya kusema "Wachina hawana dini"

Mara nyingi tunasikia kwamba Wachina hawana dini. Kabla ya kukubali, tuulize: kwao neno "dini" lina maana gani?

Neno wanalotumia leo, zongjiao, limeungwa na zong, lenye kugusa ukoo na mababu, na jiao, yaani mafundisho. Kwa maana yake ya sasa liliingia China kutoka Japani mwishoni mwa karne ya 19, likiwa tafsiri ya neno la Ulaya. Kipimo hicho kiliwafaa wenye viongozi, nyumba za ibada na waumini wanaohesabika. Heshima kwa marehemu nyumbani ikabaki nje. Hata leo serikali inatambua dini tano tu: Ubudha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Naam, sisi na ndugu zetu Waprotestanti tunahesabiwa dini mbili.

Wataalamu wao wenyewe hawakubaliani. Mwaka 1961, C. K. Yang alitofautisha dini yenye taasisi yake na dini iliyoenea ndani ya familia na jamii. Ren Jiyu, mwanzilishi wa taasisi ya utafiti wa dini za dunia mjini Beijing mwaka 1964, alishikilia kwamba hata mafundisho ya Confucius ni dini; wengine walimpinga. Lü Daji naye alitaja nguzo nne za dini: mawazo, hisia, matendo na taasisi.

Mabishano haya si ya darasani tu. Padre Matteo Ricci, Mjesuiti aliyefariki Beijing mwaka 1610, aliona heshima kwa mababu kuwa desturi ya kijamii. Wengine waliona ni ibada ya sanamu. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alithibitisha marufuku. Ruhusa ikaja mwaka 1939, wakati wa Papa Pio XII. Kwa karibu miaka 200, mwongofu alilazimika kuchagua kati ya Kanisa na desturi za kumheshimu baba yake marehemu.

Nguzo za Lü Daji zinatusaidia kutazama, lakini zinaanzia kwa mwanadamu. Sisi tunasadiki kwamba Mungu ndiye anayetangulia kumtafuta mtu. Basi frateri atakayekutana na tambiko parokiani asikimbilie kulaani wala kubariki. Aketi na wazee, aulize wanafanya nini na kwa nini. Akishaelewa, ndipo atumie imani yake kupambanua.