Miamba ya Kujiangusha

Mwenyezi Mungu ametukataza uongo, wa kinywa na wa kitendo, na hakuna mzazi kati yenu anayehitaji kuhubiriwa hilo. Mbona basi tukikaa mbele ya runinga kutazama ligi ya Uingereza tunaupigia makofi? Kijana wa miraba minne anaguswa bega, anashika uso, anabingirika mara tatu nne, kisha anachungulia kati ya vidole kuona kama mwamuzi ametoa kadi. Akipewa penalti tunacheka: "Mjanja huyo!" Kesho yake watoto wetu wanauiga ujanja huohuo kiwanjani, nasi tunashangaa wameutoa wapi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Waulizeni wazee wa Bolton, kaskazini ya Uingereza, habari za Nat Lofthouse, mshambuliaji wa kati aliyezaliwa hapo mwaka 1925. Tarehe 25 Mei 1952 Uingereza ilicheza na Austria mjini Vienna. Lofthouse alikuwa ameshafunga bao moja, na ameshakula kiwiko cha uso na daluga za nyuma ya miguu. Matokeo yalikuwa 2–2, dakika zinayoyoma. Kipa wa Uingereza, Merrick, akadaka kona, akamrushia mwenzake Finney, naye Finney akampenyezea Lofthouse karibu na nusu ya uwanja. Akakimbia peke yake, mabeki wakimhemea kisogoni. Kipa wa Austria, Musil, akatoka kumzuia. Hapo, msomaji, nyota wetu wa leo angetafuta mguu wa kipa ili aangukie. Lofthouse alipiga shuti kwanza, ndipo wakagongana akazimia, hata mpira ukiingia wavuni hakuuona. Akatolewa nje, akazindukana, akarudi uwanjani kumalizia mechi. Uingereza ikashinda 3–2, naye tangu siku hiyo akaitwa Simba wa Vienna. Simba, si sungura!

Usione vyaelea, vimeundwa. Wakati wa vita kijana huyu alipelekwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Mosley Common, akawa anaamka usiku wa manane, anasukuma vibehewa vya makaa chini ya ardhi, akitoka huko anakwenda kucheza mpira. Aliyepita shimoni hamlilii mwamuzi kwa sababu ya kuguswa bega.

Tena hakuwa peke yake kwa uvumilivu. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1953, Bolton na Blackpool: Lofthouse alifunga kabla ya dakika ya pili kwisha, lakini mwenzake Eric Bell akaumia msuli mapema. Wakamsogeza pembeni achechemee huko. Na mchechemeaji huyo ndiye aliyeruka akafunga kwa kichwa bao la tatu la Bolton! Walifungwa 4–3, kombe likaenda kwa Stanley Matthews na wenzake wa Blackpool, na kila mtu akakubali yaishe. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Najua mjuzi mmoja ataninyanyukia na fainali ya kombe hilohilo ya 1958. Haya, tuseme kweli. Lofthouse, akiwa nahodha, aliifunga Manchester United mabao yote mawili, miezi mitatu tu baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua wachezaji wa timu hiyo, na katika bao la pili alimsukuma kwa bega kipa Harry Gregg, manusura wa ajali hiyo, yeye na mpira wake ndani ya goli. Siku hizi lingekataliwa bila mjadala. Mimi mwenyewe silipendi. Ila alilifanya mbele ya macho ya watu laki moja, na mwamuzi akaliona na kulikubali. Ukali wa wazi utaukemea na mwenyewe atakusikia. Hila ya mtu anayelala chini huku hajaumia utaikemeaje?

Na hapa, mniwie radhi, siwezi kuwaacha watangazaji wetu, ambao ni watu wasomi na wenye sauti tamu. Nani aliwaambia mpira wa Uingereza ulizaliwa mwaka 1992, Ligi Kuu ilipoundwa? Kila rekodi ni "tangu 1992"! Mwacha asili ni mtumwa. Ligi ya soka ya Uingereza ilianza mwaka 1888, na Bolton ni mmoja wa waanzilishi wake kumi na wawili. Lofthouse alifunga mabao 255 ya ligi, yote kwa Bolton, na mabao 30 katika mechi 33 za timu ya taifa. Alitundika daluga mwishoni mwa mwaka 1960, wiki chache kabla ya kufutwa sheria iliyomzuia mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Mkimaliza kutusomea bei ya kila mchezaji anayegaagaa kwenye nyasi, mtupatie dakika moja ya mtu huyu.