Wazee nao wana haki ya kiti katika maktaba

KUNA maradhi ambayo hayaonekani kwa darubini wala kwa eksirei. Ni upweke.

Mzee mmoja, karani mstaafu aliyefiwa na mkewe, alifika katika kliniki yangu hapa Nairobi mara nne kwa miezi miwili. Leo kichwa, kesho kifua, keshokutwa usingizi. Nilimpima shinikizo la damu, sukari na moyo, nisione kasoro. Nikampa dawa ya usingizi. Nakiri nilikosea, kwani dawa hizo huwaangusha wazee na kuwavunja mifupa.

Mara ya nne nilimwuliza, "Mzee, mara ya mwisho ulizungumza na nani?" Akafikiri, kisha akajibu, "Daktari, ni Jumapili, kanisani." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na kwamba hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na kupungukiwa na kumbukumbu.

Basi nilimshauri aende katika maktaba iliyo karibu na kwake. Alirudi amevunjika moyo. Viti vyote vilikuwa vimejaa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani, maandishi ya vitabu yalikuwa madogo, na hakuna aliyemwuliza anatafuta nini. "Hapo ni pa watoto," akaniambia.

Je, ni lazima iwe hivyo? La hasha! Asubuhi moja tu kwa wiki yatosha. Wazee wasomewe gazeti kwa sauti na kulijadili. Kijana awaonyeshe jinsi ya kupata huduma za serikali kwa simu. Muuguzi awapime shinikizo la damu. Wawekewe viti vyenye egemeo, miwani ya kusomea na vitabu vya maandishi makubwa, tena ghorofa ya chini, karibu na choo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kumtibu mtu mmoja aliyepooza.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Kifungu cha 57 nacho kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Magavana wanangoja nini?

Tukumbuke kwamba Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa jijini mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee kwa miaka mingi. Baadhi ya wazee wetu walikua wakiitazama kutoka nje. Itakuwa aibu wakifungiwa mlango mara ya pili, safari hii kwa kukosa kiti.

Nawe msomaji, usingoje kaunti. Wiki hii mpigie mzazi wako, kisha umuulize alizungumza na nani jana.