Mtindo huja kwa kuchora watu

Mwandishi, hapo uliposema kijana anayejifunza kuchora apate mtindo wake kwanza ndipo achore wahusika, nakataa. Mtindo huja wenyewe mkono ukishazoea. Mchora katuni Edward Gitau alimchora mhusika wake Juha Kalulu yuleyule miaka na miaka kwenye gazeti la Taifa Leo, hata ukamtambua kabla ya kusoma jina. Mimi hufanyia mazoezi sokoni hapa mjini Wote, Makueni: mama amebeba kiondo kizito mgongoni, mkanda uko kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama chini. Mkao huo huupati ukiiga katuni za Japani peke yake. Nanyi wenzangu mnaolilia tableti za kuchorea, penseli na daftari vinatosha kuanzia. Choreni watu wa Kitui na Makueni kila siku.