Kinyago Si Nyumba ya Pepo

Hapa Eastlands ya Nairobi, kuanzia Dandora hadi Kayole, tumeaminishwa kwamba kinyago cha mti ni nyumba ya pepo, na anayekiweka anaabudu gogo. Mimbari inasema hivyo, na filamu za Nigeria zimekazia: mganga, kitambaa chekundu, sanamu pembeni, kisha mchungaji na kiberiti. Huo ni uzushi, tena unaoumiza.

Tuanze na Wayoruba, ambao vitu vyao filamu hizo huvisingizia sana. Muumba wao, Olodumare, hachongwi. Kinachochongwa ni kingine, kama ere ibeji, yaani sanamu ya pacha. Wayoruba huzaa mapacha kuliko karibu watu wote duniani, na zamani wengi wa watoto hao walifariki wachanga. Pacha akifa, wazazi walimwendea babalawo, mpiga ramli wao, mchongaji akaagizwa, na mama akakabidhiwa kijisanamu cha urefu wa shubiri hivi. Alikiogesha, akakivisha shanga, akakipaka unga mwekundu, akakilisha huku akimlea pacha aliyebaki. Viko vilivyopapaswa miaka mingi hadi macho na pua vikafutika. Huyo ni mama aliyefiwa. Mwenye moyo wa kumwita mchawi na amwite.

Na kwetu? Wagiriama wa pwani humsimikia kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, mara nyingi baada ya kuwatokea jamaa zake ndotoni. Kigango humwagiwa tembo, huombwa radhi, wala hakisogezwi hata boma likihama. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu vikaibwa, vikaibukia katika makumbusho ya Marekani, vikarudishwa mwaka 2007. Wezi wana njaa yao na wanunuzi wana pesa zao, najua. Lakini jirani aliyefundishwa kwamba kigango ni shetani atapigania nini kikichukuliwa usiku?

Na hapa mjini? Wakamba wanaochonga sokoni Gikomba walirithi ufundi ulioenezwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mti uleule, patasi ileile, hutoa twiga na msalaba, na hakuna anayekemea pepo juu ya msalaba.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji wetu: kabla ya kuitisha moto, ulizeni kitu hicho kilichongewa nani, na kama aliyefiwa bado yupo, mrudishieni.